Kwa Nini Mawingu Hupita Kajiado na Mvua Isinyeshe

Mfugaji wa Kajiado hatazami kitu zaidi ya mbingu, ila labda ng'ombe zake. Ikifika Machi, na tena ikifika Oktoba, mawingu hujikusanya upande wa mashariki, yakapita juu ya Kitengela na Isinya, yakavifunika vilima vya Ngong, na siku nyingi jua huchwa bila tone moja kuanguka. Hapo watu husema, "Mvua imezuiwa." Wengine hulalamika kwamba Nairobi imeinyang'anya. Hao wa pili hatuwaungi mkono, lakini aliyesema kwamba imezuiwa amekaribia ukweli kuliko anavyodhani. Mvua yetu huzuiwa kweli, na kinachoizuia ni hewa yenyewe, ile iliyo juu ya mawingu tunayoyaona.

Jambo hili lafaa lieleweke, maana mtu anayehesabu mawingu tu hukosea, na kosa lake hulipwa kwa ng'ombe. Tangu vuli ya mwaka 2020 hata vuli ya 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana ikashindwa katika sehemu kavu za Kenya, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Si kwamba mawingu hayakuonekana muda wote huo. Yalionekana, na watu wakayangoja.

Moshi wa asubuhi

Hewa iliyo juu ya vichwa vyetu si kitu kimoja kilichochanganyika sawasawa kama maziwa katika kibuyu. Imepangwa tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lina joto lake, unyevu wake na upepo wake. Macho hayawezi kuiona mipaka ya matabaka hayo ila kwa msaada wa kitu kingine, na kilicho rahisi kuliko vyote ni moshi.

Asiyeamini na aamke mapema mwezi wa Januari au Februari, baada ya usiku usio na mawingu, asimame mahali palipoinuka karibu na Kitengela, atazame uwanda wa Athi. Ataona moshi wa majiko na wa viwanda ukipanda kidogo, kisha ukasita, ukatandazika kama shuka iliyoanikwa. Sababu yake ni hii. Usiku ardhi hupoteza joto lake upesi, na hewa inayoigusa hupoa pamoja nayo. Hewa baridi ni nzito, hutulia mabondeni kama maji. Juu yake imebaki hewa ya jana, yenye joto zaidi na wepesi zaidi. Moshi ukifika mpakani hukuta hewa iliyo nyepesi kuliko ule unaopanda, wala hauna nguvu ya kuipenya.

Basi mtu huyo na arudi saa nne, jua likiwa limeipasha ardhi joto. Ule mpaka umekwisha kuvunjika, na moshi wapanda upendavyo. Kufika saa nane mchana ataona chamchela za vumbi zikikimbia uwandani kuelekea Konza, na hiyo ni ishara kwamba hewa ya chini sasa imekuwa nyepesi kuliko ya juu yake, nayo yapanda kwa nguvu.

Kanuni ya moshi ndiyo kanuni ya mvua. Palipo na baridi chini na joto juu, hakuna kinachopanda. Palipo na joto chini na baridi juu, hewa hupanda, na pasipo hewa kupanda hapana mvua, hata kama unyevu ni mwingi namna gani.

Mkanda wa Kilimanjaro

Tabaka la chini kabisa, ambalo wataalamu huliita troposfia, lina karibu mvuke wote wa maji ulioko angani, na takriban mambo yote tuyaitayo hali ya hewa hutendeka humo. Kwetu karibu na Ikweta lafika yapata kilomita 16 au 17 juu ya bahari. Kule Ulaya laishia karibu kilomita 10 au 11. Kadiri mtu apandavyo ndivyo baridi izidivyo, kiasi cha digrii 6 kwa kila kilomita. Ndiyo sababu Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye urefu wa mita 5,895, kina barafu, hali kule Magadi, palipo chini ya mita 700, watu hutafuta kivuli tangu asubuhi.

Mlima huo huo watufundisha jambo jingine. Mtu akiutazama kutoka Amboseli au Namanga, siku nyingi huuona umevaa mkanda wa mawingu kiunoni, na kichwa kimetokeza juu yake kikang'aa juani. Kwa nini mawingu yasiendelee hadi kileleni? Kwa sababu juu ya ule mkanda pana hewa kavu ishukayo kutoka juu sana, nayo yazidi kuwa na joto kadiri ishukavyo, kama vile pampu ya baisikeli ipatavyo moto hewa ikibanwa ndani yake. Hewa hiyo imekaa juu ya mawingu kama kifuniko juu ya sufuria. Ndani ya mkanda msitu umeota na mito huanza humo. Juu ya mkanda mtu akizidi kupanda hufikia mahali ambapo hapana ila mawe na mchanga, karibu sawa na jangwa, ingawa amesimama juu ya mawingu.

Sasa tufikiri wingu linavyozaliwa. Hewa yenye mvuke ikipanda hupoa, karibu digrii 10 kwa kila kilomita, mpaka mvuke wake uanze kuwa matone. Hapo wingu hutokea, na pamoja nalo jambo la ajabu: mvuke ukigeuka kuwa maji huyatoa tena yale majoto uliyoyachukua ulipotoka baharini. Joto hilo hulisukuma wingu juu zaidi. Wingu, kwa hiyo, lina kuni zake lenyewe. Lakini kuni hizo hazifai kitu ikiwa juu yake lipo tabaka lenye joto kulizidi. Litapanda hadi hapo, litatandazika, na ile hewa kavu itaingia ubavuni mwake na kulila kidogo kidogo. Matone hubaki madogo mno hayawezi kuanguka, au huanguka yakakauka kabla ya kufika majanini. Wengi wetu tumeona utaji wa mvua ukining'inia chini ya wingu, mbali kule Il Bissil, nao haugusi nchi.

Kifuniko hiki huonekana waziwazi tangu Juni hata Septemba, wakati wa kusi. Pepo za kusi hutuletea hewa baridi na yenye unyevu kutoka baharini, nayo hupanda mpaka nyanda za juu. Nairobi na Kitengela huamka chini ya wingu la kijivu, watu wakavaa makoti, na wengine wakaona ajabu kwamba mbingu imefunga kutwa nzima na pakiti ya saruji iliyoachwa nje haikulowa. Wingu hilo ni jembamba. Rubani wa ndege akiondoka Embakasi hulipenya kwa dakika chache tu, akatokea kwenye jua kali.

Tofauti ya mahali nayo huongeza au kupunguza. Katika Kajiado mvua ya mwaka hukadiriwa kuwa yapata milimita 300 katika bonde la Amboseli, na kufikia 1,250 penye vilima vya Ngong na mitelemko ya Kilimanjaro, kwa kuwa kilima huilazimisha hewa kupanda hata pale ambapo yenyewe isingetaka. Uwanda hauna msaada huo. Uwanda hutegemea kabisa kwamba kifuniko kilegee.

Gurudumu la bahari

Je, ni nani akilegezaye? Hapa hatuna budi kutoka Kajiado twende mbali.

Bahari ya Hindi ina pande mbili, huu wetu na ule wa Indonesia. Miaka mingi maji ya upande ule yana joto kuliko ya kwetu. Hewa ya kule, ikiwa imejaa mvuke, hupanda juu sana, ikamwaga mvua yake huko huko, kisha ikasafiri kurudi magharibi kwa njia ya juu, kilomita 10 na zaidi kutoka baharini. Ikifika juu ya Afrika Mashariki hushuka. Hewa ile ile iliyowanyeshea wakulima wa Sumatra yatufikia sisi ikiwa kavu na yenye joto, nayo ndiyo kifuniko tulichokitaja. Kwa chini upepo huvuma kurudi mashariki, na gurudumu latimia. Kwa hiyo matabaka mawili ya hewa, la juu na la chini, huenda kinyume, na kati yao huamua nani atapata maziwa na nani hatapata.

Miaka mingine gurudumu hugeuka. Maji ya upande wetu yakipata joto kuliko ya Indonesia, hewa hupanda kwetu na kushuka kwao. Ndivyo ilivyokuwa katika vuli za 1961, 1997 na 2019, na wazee wa Kajiado hawatahitaji kukumbushwa ile ya kwanza. Katika 1960 na sehemu kubwa ya 1961 ukame uliwaua ng'ombe wa Wamasai wengi mno, jamaa nzima zikabaki mikono mitupu. Kisha, kabla mwaka haujaisha, ikaja mvua isiyo na mfano, madaraja yakachukuliwa, na Ziwa Viktoria likaanza kuinuka zaidi ya mita 2 katika miaka michache. Watu waliofiwa na ng'ombe kwa kiu walisimama mwezi wa Novemba wakitazama mito iliyojaa. Ardhi ilikuwa ile ile na vilima vile vile. Kilichobadilika kilikuwa juu.

Tangu 2020 hata 2022 gurudumu lilikaa upande mbaya kwetu. Maji ya katikati ya Bahari ya Pasifiki yalipoa kwa miaka mitatu mfululizo, hali iitwayo La Niña, yale ya Indonesia yakabaki na joto, na hewa ikazidi kutushukia.

Mvua za masika zina desturi yake nyingine, tena ni ngumu zaidi kubashiriwa. Masika hupendezwa na upepo wa magharibi. Aghalabu upepo wetu hutoka mashariki, na tabaka lake lenye unyevu si nene. Lakini mara nyingine hewa ya misitu ya Kongo, iliyoshiba mvuke hadi juu, huvuka Ziwa Viktoria na kutufikia. Ndipo uwanda wote hunyeshewa. Mwezi wa Machi 2018 tufani mbili za Bahari ya Hindi, Dumazile na Eliakim, zilipita karibu na Madagaska, mbali sana nasi, nazo zikaivuta hewa ya magharibi juu ya Kenya kama mtu avutaye kamba. Masika ya mwaka ule yakawa makubwa mno. Inafaa kuangalia hapa kwamba si kila tufani hutufaa. Ikikaa mahali pengine huenda ikatuvutia unyevu wetu wenyewe na kuondoka nao.

Dari ya juu

Wingu la ngurumo likifaulu kukipita kifuniko cha kwanza, hupanda kama mnara mpaka likafika mahali ambapo kichwa chake chabapa na kuenea kama fuawe la mhunzi. Mtu aliyesimama Kajiado mjini jioni anaweza kuliona likiwa mbali juu ya Machakos. Kubapa huko si bure. Wingu limegonga dari kubwa, mwisho wa troposfia.

Juu ya dari hiyo limo tabaka la pili, stratosfia, na mambo yake ni kinyume cha ya chini: kadiri mtu apandavyo ndivyo joto lizidivyo. Humo imo hewa iitwayo ozoni, ambayo huuzuia mwali mkali wa jua usituunguze ngozi na macho, na kwa kuuzuia hupata joto. Joto hilo ndilo linalofanya dari isipenywe. Bila ozoni dari isingekuwa pale ilipo, wala mawingu yetu yasingekuwa na umbo hili.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika habari za kugunduliwa kwa mambo ya huko juu. Mlima wa moto wa Krakatoa ulipopasuka mwaka 1883, vumbi lake lilisafiri kuelekea magharibi kuizunguka dunia, na wataalamu wakaamini kwamba juu ya Ikweta upepo hutoka mashariki siku zote. Mwaka 1908 Arthur Berson, aliyetoka Ujerumani, alirusha baluni zenye vipimo katika Afrika Mashariki, hata juu ya Ziwa Viktoria, akakuta huko juu upepo utokao magharibi, na baridi kali kuliko ile ya juu ya Ulaya. Nani mkweli? Ilipofika karibu na 1960 ndipo ilipojulikana kwamba wote walikuwa wakweli: upepo wa stratosfia juu ya Ikweta hubadilishana zamu, mashariki kisha magharibi, na kurudi ulikoanza kwa muda wa miezi 28 hivi.

Mvua ya kesho ya Kitengela haiamuliwi na upepo huo. Lakini tabianchi, yaani desturi ya hali ya hewa kwa miaka mingi, huguswa na matabaka yote mawili. Moshi wa mafuta na makaa ya mawe duniani umeongeza gesi ya kaboni hewani, na gesi hiyo huzuia joto la ardhi lisiondoke. Kwa hiyo tabaka la chini lazidi kupata joto, na la juu lazidi kupoa. Hewa ikiongezewa digrii moja ya joto yaweza kubeba mvuke zaidi kwa kadiri ya asilimia 7. Maana yake ni kwamba ukame huzinyonya nyasi na visima kwa nguvu zaidi, na siku kifuniko kinapofunguka, kilichokusanyika huja kwa pamoja.

Wakazi wa Kitengela wanajua hayo kwa macho yao. Mwaka mmoja baada ya ule ukame kwisha, mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei 2024, mito ilifurika, maji yakaingia majumbani huko Kitengela na Athi River, na watu wakatolewa kwa mashua. Udongo mweusi wa uwanda huo hunywa maji polepole, ukishashiba haunywi tena, na nyumba nyingi zimejengwa penye vijito vya msimu ambavyo mnunuzi wa kiwanja aliviona vikavu. Vilikuwa vikavu kwa sababu ya kifuniko, wala si kwa sababu maji yalikuwa yamesahau njia.

Baluni ya Dagoretti

Hapana mtu awezaye kukiona kifuniko kwa macho, lakini kinaweza kupimwa. Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya yako Dagoretti Corner, Nairobi, na kutoka hapo hurushwa baluni kubwa nyeupe ikiwa imefungiwa kisanduku chepesi. Kisanduku hicho hupima joto, unyevu na mkandamizo wa hewa kila sekunde kikipanda, kikatuma habari zake kwa redio mpaka baluni itakapopasuka juu kabisa, ndani ya stratosfia. Tangu miaka ya 1990 baluni nyingine hupanda na kipimo cha ozoni. Afisa akiziandika habari hizo katika mstari mmoja, huona mara moja mahali ambapo baridi imekoma kuzidi na joto limeanza kurudi. Hapo ndipo penye kifuniko. Kazi hii ya kupima hewa si mpya. Ilifanywa pia na idara iliyokuwa ya Afrika Mashariki nzima, mpaka ushirikiano ulipovunjika 1977.

Habari za gurudumu la bahari hukusanywa humu humu Kajiado. Kituo cha IGAD cha utabiri, ICPAC, kipo Ngong, na mikutano ya wataalamu wa nchi za pembe hii ya Afrika imefanywa tangu 1998 ili kupatana juu ya msimu ujao. Utabiri wa vuli hutangazwa mwishoni mwa Agosti, kisha Idara ya Kenya hueleza kaunti moja moja. Huo wa vuli ni wa kutegemewa kuliko wa masika, kwa kuwa bahari hubadilika polepole, na ikiisha kuelekea upande mmoja mwezi wa Agosti haigeuki kwa urahisi kabla ya Desemba. Ule wa masika mfugaji na ausikie pia, lakini aulize tena kila wiki.

Mwezi wa Agosti 2022 ilitangazwa waziwazi kwamba vuli itakuwa kavu tena. Kati ya tangazo hilo na siku ambazo mvua ilipaswa kuanza palikuwa na majuma kama sita. Katika majuma hayo ng'ombe wengine bado walikuwa na nyama mgongoni na waliweza kutembea kwa miguu yao hadi mnadani, Bissil au Kajiado. Kufika Desemba wengi walikuwa wakiinuliwa kwa mikono asubuhi ili wasimame, na mnunuzi haji kumtazama ng'ombe wa namna hiyo. Utabiri wa vuli husomwa redioni, na Mkurugenzi wa Hali ya Hewa wa kaunti huwa nao; anayetaka kuufahamu kwa lugha ya kwao na aende ofisini kwake mwanzoni mwa Septemba, aulize hali ya bahari ya upande wa Indonesia, kabla ya kuuliza habari za mawingu.